Taa ya breki inapobeba ujumbe

Kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, aliye nyuma anaelewa: pita. Akiwasha ya kulia, kuna gari linakuja, tulia. Hatari ni kwamba indiketa hiyohiyo huwashwa pia na lori linalotaka kukata kona.

Wapo watafiti wanaotaka taa za magari ziseme mengi zaidi, tena bila utata. Kinachowapa matumaini ni taa za LED. Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa waya uliopata moto, na waya haupoi upesi. LED huweza kuwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Jicho huona mwanga uliotulia, ila kipokezi cha gari la nyuma husoma mipigo hiyo na kujua mwendo wa gari la mbele na jinsi breki zilivyokanyagwa.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake walisafirisha sauti kwa miale ya jua umbali wa zaidi ya mita 200. Mwaka 2011 shirika la wahandisi la IEEE lilitoa kiwango cha mawasiliano ya mwanga unaoonekana, 802.15.7.

Hesabu ya barabarani inaeleza umuhimu wake. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde, na dereva hutumia sekunde nzima au zaidi kabla ya kugusa breki. Kompyuta huitikia ndani ya sehemu ndogo tu ya muda huo.

Redio nayo hufanya kazi hii, lakini penye foleni magari mengi hugombania masafa yaleyale. Mwanga humfikia anayeuona tu, na kamera inayoupokea hutambua umetoka taa ipi. Udhaifu wake umo humohumo: haupiti kona wala lori lililokaa katikati, ukungu huutawanya, na jua kali huuzidi nguvu. Kwa hiyo wengi hupendekeza mwanga na redio visaidiane.

Afrika Mashariki, ambako magari mengi huja yakiwa yameshatumika Japani, itabidi kusubiri: gari moja lenye taa hizi za mawasiliano halina wa kuongea naye. Zikifika, ukaguzi wa taa utakuwa na uzito mpya, maana taa iliyojaa tope itakuwa imekata mawasiliano.