Mbegu feki: Namba iliyofichwa kwenye lebo inavyomwokoa mkulima

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima wa Kongwa, Bahi au Chamwino akiuziwa mbegu feki, anashtuka wakati shamba limeota mapengo. Kupanda upya ni gharama, na mvua haimsubiri mtu.

Feki nyingine ni nafaka ya kawaida ya chakula, imepakwa rangi na kutiwa kwenye pakiti nzuri. Kwa macho huwezi kuitofautisha.

Hapo ndipo inapoingia lebo ya TOSCI, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu. Lebo hiyo ina sehemu ya kukwangua, kama vocha ya simu. Chini yake kuna namba ya siri. Mkulima anakwangua, anaituma kwa simu kwa kufuata maelekezo, na anajibiwa kama mbegu imethibitishwa. Haihitaji intaneti, hata kiswaswadu kinatosha.

Kwa nini namba, wakati lebo zenyewe zinaweza kutengenezwa ziwe za kung'aa? Kwa sababu mng'aro unaigwa. Mwenye mashine nzuri ya kuchapa anaweza kutoa kitu kinachofanana kabisa. Namba ni habari nyingine: lazima iwe tayari imo kwenye kanzidata. Akibuni ya kwake, haitambuliki.

Je, akinakili namba moja halali kwenye pakiti elfu moja? Mfumo wa namba za siri unaweza kumnasa, kwa kuwa kila namba ni ya pakiti moja. Ikihakikiwa mara ya pili, inaonekana imeshatumika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

• Kataa pakiti ambayo lebo imeshakwanguliwa au imebanduliwa.

• Epuka mbegu ya kupimwa kwa kopo mnadani. Ikishatolewa kwenye pakiti, hakuna namba ya kuhakiki.

• Kwangua na kuhakiki ukiwa bado dukani, mbele ya muuzaji.

• Linganisha jibu na kilichoandikwa kwenye pakiti. Vikitofautiana, usinunue.

• Tunza risiti na pakiti hadi uvune. Ukipigwa, huo ndio ushahidi wako kwa afisa kilimo au TOSCI.

Kuhakiki ni kazi ya dakika chache. Kupanda mbegu feki kunakula mwaka mzima.