Huruma Nayo Hufunzwa

Ni jioni ya mwezi wa Julai, baridi ya Ufipa imeshika, na mama yuko jikoni anasonga ugali. Binti wa jirani anaingia, anakaa karibu na moto, kimya. Yuko darasa la sita. Baada ya muda anasema, "Mama, nyumbani wamepokea mahari yangu."

Tuseme jambo hili limetokea kwako, mama msomaji. Ungefanya nini? Wengi wetu tungelia naye. Mwingine angetoka mbio kwenda kugombana na mama mzazi. Mwingine angelifikisha kwenye jumuiya ili liombewe, na kabla ya jua kuchwa kesho yake kijiji kizima kingekuwa na habari. Sote tuna huruma. Lakini pengine usiku huohuo binti angepelekwa mbali, bondeni Muze au kule mwambao Kirando, nasi tusimwone tena.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kazi ya ustawi wa jamii, na jinsi mama wa nyumbani anavyoweza kuisomea.

Kazi yenyewe

Afisa ustawi wa jamii tunamkuta kwenye halmashauri. Anasuluhisha ndoa zilizoingia ufa, anafuatilia matunzo ya watoto waliotelekezwa, anatafutia yatima makao, anawaangalia wazee na walemavu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kazi kubwa: mtoto anapofikishwa katika mahakama ya watoto, afisa huyu anapaswa kuwapo. Sheria hiyo imetugusa na sisi pia. Mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa.

Tena tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inakataza kabisa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Ni akina mama wangapi kati yetu wanalijua hilo?

Njia ya kusoma

Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Masomo yake hupandwa kama ngazi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu angalau masomo manne, bila kuhesabu ya dini, huanza na astashahada ya mwaka mmoja. Hufuata stashahada ya miaka miwili, kisha shahada ya miaka mitatu. Mama aliyeachia njiani asikate tamaa. Kuna mtihani wa maarifa, na baada yake anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Lakini kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na watoto nani atabaki nao? Hapa tukumbuke Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kina kituo mkoani Rukwa. Mwanafunzi wake husoma akiwa nyumbani au kazini kwake.

Huko Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Mtu huajiriwa na halmashauri, hulipwa mshahara, na wakati huohuo husomea shahada ya ustawi wa jamii bila kutoa ada. Kwetu hatujafika huko, ila wazo lenyewe si geni. Katikati ya miaka ya 2000 chuo chetu cha Kijitonyama, kikisaidiana na chuo cha Chicago chenye jina la Jane Addams, kilianza kuwafunza wanavijiji kuwa wasaidizi wa ustawi wa jamii. Walikaa siku chache darasani, wakarudi vijijini kufanya kazi miezi kadhaa chini ya msimamizi, kisha wakarudi tena darasani. Hata wanaosomea shahada hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Sababu ni nini? Kitabu kitamfundisha mama sheria, lakini hakitamfundisha kunyamaza mzee anapolia. Hilo hujifunza akiwa ameketi kando ya mwenye uzoefu, akitazama na kusahihishwa. Ni kama tulivyojifunza kupika pombe ya harusi au kumshika mtoto mchanga: hatukusomewa, tuliwekwa karibu na bibi.

Nyumbani kwanza

Tusidanganyane. Miaka ya kusoma ni mingi, na shamba la mahindi halingoji. Kabla ya kujaza fomu, keti na baba watoto. Mwambie ada ni kiasi gani, utakuwa nje siku ngapi, na nani atapika siku hizo. Usimfiche chochote. Watoto wakubwa nao wagawiwe kazi, wa kiume kwa wa kike. Tena jiulize mwenyewe: naweza kutunza siri? Naweza kumsikiliza mwanamke niliyekuwa nikimsema kisimani? Kama bado, hilo ndilo somo la kwanza, na halina ada.

Turudi jikoni

Mama aliyefunzwa angefanyaje na binti yule? Angempa chakula kwanza. Angemsikiliza bila kumkatiza wala kuwalaani wazazi wake. Asingemwahidi kwamba hatamwambia mtu, maana ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Angemweleza nani atakayeambiwa, na kwa nini. Kisha asubuhi na mapema angefika kwa afisa ustawi au polisi, kimyakimya. Na mambo yakishatulia, angerudi kwa mama mzazi, kwani mara nyingi mahari hupokelewa kwa sababu ghala ni tupu, na binti yule bado anahitaji nyumba ya kurudi.

Dorkasi wa Yafa alikumbukwa na wajane kwa nguo alizowashonea. Alikuwa na moyo mwema, na mikono yake ilijua kushona. Sisi nasi tunao moyo. Mikono yetu ijifunze.