Nyumba ya Kukaa Masika na Kiangazi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa, kuhara na chanjo za watoto. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya nyumba. Huko Mtoni, wilaya ya Temeke, magonjwa mengi tunayoyaandika hapa yanaanzia chumbani, na aina ya chumba anachokaa mtu hutegemea namna anavyotakiwa kulipa kodi.

Wengi mnaifahamu desturi ya Dar es Salaam. Mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo, na dalali naye hudai ya mwezi mmoja kama ujira wake. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mama anayekaanga samaki wa kuuza atatakiwa kuwa na shilingi 350,000 mkononi kabla hajanunua hata kufuli. Fedha zake huja siku kwa siku: leo elfu tano, kesho hakuna. Basi anatafuta mwenye nyumba anayekubali kulipwa kila mwezi, na mara nyingi nyumba hiyo huwa bondeni, ambako wenye uwezo wa kuchagua hawataki kukaa. Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mapatano yamebaki kati ya mwenye nyumba na mpangaji, ambao nguvu zao hazilingani.

Miezi ya kiangazi bonde halina neno. Masika yakianza ndipo mambo hubadilika. Mto Kizinga, ambao maji yake husafishwa kwenye mtambo wa Mtoni kwa matumizi ya jiji, hujaa, na maji ya ardhini hupanda hadi kwenye mashimo ya vyoo. Hapo baadhi ya watu hutapisha vyoo: hutoboa ukuta wa shimo wakati mvua inanyesha ili uchafu uchukuliwe na maji. Tunajua sababu yake. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, na vichochoro vingine havipitiki kwa gari. Lakini uchafu huo haupotei. Unapita kwa jirani wa chini, unaingia kisimani, na watoto wanaucheza. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoani, na njia yake ilikuwa hiyo hiyo ya kinyesi kuingia katika maji na chakula.

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu hawaufikirii wanapotafuta chumba, nao ni kifua kikuu. Vijidudu vyake hukaa hewani baada ya mgonjwa kukohoa. Katika chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, hewa huvitoa nje. Katika chumba cha watu sita, chenye dirisha moja lililozibwa kwa boksi kwa hofu ya wezi, hubaki ndani na kila mmoja huvivuta. Dawa hutolewa bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa akihamishwa katikati kwa kukosa kodi, akaenda mbali na kituo chake bila barua ya uhamisho, anaweza kuacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Kwa mtu huyo, kukaa mahali pamoja miezi sita ni sehemu ya tiba.

Isidhaniwe kwamba Mtoni haikuwahi kufikiriwa. Mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza Mradi wa Viwanja na Huduma. Awamu ya kwanza ilipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha Manzese. Awamu ya pili ilifika Mtoni na Tandika. Fikra yake ilikuwa nzuri, nasi tunaona bado inafaa: nyumba za watu zisibomolewe, ila zipelekewe barabara, maji, shule na zahanati, na mwenyewe aendelee kujenga kidogo kidogo. Mikopo ilitarajiwa kutoka Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo ilifungwa mwaka 1995. Mradi ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakaendelea kuongezeka, na viwanja vingi katika maeneo mapya viliishia mikononi mwa wenye nafasi.

Mfano wa karibu zaidi uko Chamazi, pia Temeke. Wakazi wa Kurasini walipotakiwa kupisha upanuzi wa bandari, wapangaji miongoni mwao hawakuwa na nyumba ya kulipwa fidia. Baadhi yao, wakiwamo wanawake wengi wa vikundi vya kuweka akiba, waliungana na kununua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba ulioitwa Muungano. Matofali ya kufungamana waliyafyatua wenyewe. Nyumba zilipangwa ili mtu aanze na vyumba vichache na kuongeza baadaye, na majitaka yalitengenezewa bwawa la mimea badala ya kila mmoja kuchimba shimo lake. Kazi ilikwenda polepole, na Chamazi ni mbali kwa mtu anayetegemea bandari au soko la samaki. Nauli nayo ni kodi. Hata hivyo walipata paa ambalo hakuna wa kuwatoa.

Kwa wenye nyumba wanaosoma ukurasa huu, tunaomba jambo ambalo halina gharama: pokeeni kodi kwa miezi mitatu mitatu, au hata kila mwezi kwa mpangaji mnayemfahamu. Mkipata fedha kidogo, zibeni mwanya kati ya ukuta na paa, kwa maana mbu wa malaria hupenda kupita hapo, na wekeni wavu madirishani. Dirisha la pili tunaliweka mbele ya rangi mpya ya ukuta.

Nawe mpangaji, kabla hujatoa fedha yako, tazama ukuta wa chini kama una alama ya maji. Waulize majirani choo hicho huwa katika hali gani mwezi wa Aprili. Kisha andikianeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukionyesha kiasi kilicholipwa na tarehe kodi itakapokwisha, na kila mmoja abaki na nakala yake.