Je, Wajua? Maili Sita kwa Sita za Nyasi na Ngano

Leo safu hii inakwenda Marekani, lakini si New York wala Los Angeles. Tunakwenda katikati, kwenye nyanda za nyasi ziitwazo prairi: Kansas, Nebraska, Minnesota na Dakota zote mbili. Huko ngazi ya chini kabisa ya utawala vijijini ni taunishipu. Usitarajie mji. Taunishipu nyingi hazina hata duka la chumvi. Ni mraba wa ardhi, basi.

Je, wajua kwamba mraba huo ulichorwa kabla mlowezi wake wa kwanza hajafika? Sheria ya tarehe 20 Mei 1785 iliagiza ardhi ya magharibi ikatwe miraba ya maili sita kila upande, sawa na kilomita za mraba 93 hivi. Nasema mlowezi kwa makusudi, maana Waosage, Wakansa, Wapawnee na Wadakota walikuwapo zamani, na kuhusu miraba hiyo hakuna aliyewauliza neno.

Wapima ardhi walianza kazi Septemba 30 mwaka huohuo, ukingoni mwa mto Ohio, wakiongozwa na Thomas Hutchins. Kifaa chao kikuu kilikuwa mnyororo wa futi 66 wenye pete 100. Minyororo 80 ni maili moja. Mnyororo mmoja kwa minyororo kumi ni ekari moja, ekari ileile ambayo mkulima wa Iringa huikadiria kwa hatua 70 kwa 70.

Je, wajua taunishipu huhesabiwa kama maksai wanavyolima? Mraba mzima una vipande 36, kila kimoja maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Namba 1 iko kona ya kaskazini-mashariki. Hesabu inakwenda magharibi mpaka 6, inashuka, inarudi mashariki kuanzia 7 hadi 12, inashuka tena, na kuendelea hivyo mpaka 36 kwenye kona ya kusini-mashariki. Wakanada walipoanza kupima prairi zao mwaka 1871 walichukua mraba uleule wa vipande 36, ila wakaanzia kona ya kusini-mashariki na kupanda juu. Kwa hiyo mkulima wa North Dakota na jirani yake wa Manitoba, ng'ambo tu ya mpaka, wote wana kipande namba 36, lakini kimoja kiko chini ya ramani na kingine juu.

Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Kuanzia mwaka 1848 majimbo mengi mapya yaliongezewa na cha 36. Kule Kanada vipande vya shule vilikuwa 11 na 29, huku kampuni ya Hudson's Bay ikijipatia cha 8 chote na robo tatu za cha 26. Kampuni haikosi fungu lake.

Je, wajua kwa nini barabara ya prairi, iliyonyooka kama rula kwa maili kadhaa, ghafla hupiga kona mbili kali bila mto, mlima wala sababu yoyote ya kuonekana? Dunia ni mviringo, na mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha ya dunia. Miraba haiwezi kukaa sawasawa juu ya mpira. Wapimaji walilazimika kusawazisha kila baada ya maili 24, wakaanza upya kwa vipimo kamili, na pale mistari ya zamani na mipya ilipoachana, barabara nayo ikavunjika. Upungufu uliobaki ndani ya taunishipu ulisukumwa kwenye vipande vya upande wa kaskazini na wa magharibi. Aliyenunua huko aliweza kujikuta na ekari pungufu au za ziada bila mtu kumwibia.

Sheria ya North Dakota inahesabu kila mstari kati ya vipande kuwa njia ya umma, futi 33 upande huu na futi 33 upande ule, hata kama hakuna aliyepita pale isipokuwa sungura. Jumlisha: futi 66, mnyororo mmoja.

Sasa watu. Miaka 77 kamili baada ya sheria ya miraba, tarehe 20 Mei 1862, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kugawa ardhi bure. Mwenye umri wa miaka 21 au mkuu wa kaya, mwanamke asiye na mume akiwemo, alijiandikisha kwa ada ndogo, akapewa robo ya kipande, ekari 160. Akikaa miaka mitano, akajenga na kulima, anapata hati. Takriban hati milioni 1.6 zilitolewa, kwa jumla ya ekari milioni 270, karibu sehemu moja ya kumi ya Marekani nzima. Bure kwa aliyepewa, kwa sababu aliyenyang'anywa alikuwa mwingine: ardhi iliyobaki mikononi mwa wenyeji wa asili ilishuka kutoka ekari milioni 138 mwaka 1887 hadi milioni 48 mwaka 1934.

Piga hesabu ya karatasini. Vipande 36, robo nne kila kimoja: nafasi 144. Toa za shule na zilizopewa reli, bado kuna makumi ya familia katika mraba mmoja, na watoto wa kujaza shule. Ndivyo sehemu nyingi zilivyokuwa kwa muda. Kisha likaja trekta, ikaja kombaini, na mtu mmoja akaweza kulima robo ya jirani, halafu ya jirani wa pili. Leo shamba la wastani North Dakota ni ekari 1,500 hivi. Familia moja imekaa mahali pa familia tisa, na zile nane nyingine hazikuhamia taunishipu ya pili, ziliondoka.

Ndiyo maana takwimu za jimbo hilo zinashangaza. Sensa ya 1930 ilihesabu watu 680,845. Sensa ya 2010, miaka 80 baadaye, ilikuta 672,591. Sijui majimbo mengi ambayo babu na mjukuu wangeweza kuishi ndani ya namba ileile. Mafuta ya petroli ndiyo yaliyobadili mambo, na mwaka 2020 idadi ikafika 779,094. Lakini nyongeza hiyo haikwenda kwenye miraba ya ngano: karibu mtu mmoja kati ya sita wa jimbo zima anaishi katika mji wa Fargo. Na kwa taarifa yako, Fargo, kama Sioux Falls ya South Dakota, ni mahali ambapo Kiswahili hakikosi msemaji, kwa sababu ya familia za wakimbizi kutoka Kongo zilizohamishiwa huko.

Je, wajua taunishipu inaendeshwaje? Minnesota ina zaidi ya 1,700. Kwa kawaida kila moja ina wasimamizi watatu, karani na mweka hazina. Jumanne ya pili ya Machi wakazi hukutana kwa mkutano wa mwaka, na wapiga kura waliopo ukumbini ndio wanaopitisha kodi yao wenyewe. Siasa kubwa hazina nafasi. Kinachozungumzwa ni changarawe ya barabara, kalvati lililozibwa, magugu ya kando ya njia, na greda la kuondoa theluji lipite wapi kwanza. Wabunge wengi tunaowajua wangefaidika wakikaa pale jioni moja. Watu wakipungua mno hata viongozi wakakosekana, taunishipu huvunjwa na kaunti ikachukua kazi. Barabara zinabaki, kikao ndicho kinachokufa.

Kuhesabu watu wachache nako kuna vituko vyake. Kijiji cha Monowi, Nebraska, kilikuwa na mkazi mmoja katika sensa ya 2010: bibi mmoja ambaye ndiye meya, karani na mwenye baa, anayejipa mwenyewe leseni ya kuuza pombe na kujilipa kodi. Karibu na baa kuna maktaba ya vitabu vya marehemu mumewe. Sensa ya 2020 ikatangaza kuwa Monowi ina watu wawili. Bibi akasema hamfahamu huyo wa pili. Hakukuwa na mzuka. Idara ya sensa ilikuwa imeanza kuchanganya kwa makusudi takwimu za maeneo madogo, kuongeza mtu hapa na kupunguza pale, ili siri ya mtu binafsi isijulikane. Jumla ya jimbo ni halisi na idadi ya nyumba ni halisi. Watu wa eneo dogo ndio wa kukisia. Kwa hiyo ukisoma kwamba taunishipu fulani ina wakazi 23, iamini kwa kiasi.

Ardhi yenyewe je? Mwaka 2003 wanajiografia waliweka chapati ya maji chini ya darubini ya leza, wakalinganisha vipimo na jimbo la Kansas. Kansas ikashinda kwa ubapa. Ulikuwa utani, na ulichapishwa katika jarida la utani wa kisayansi. Utafiti wa kweli wa mwaka 2014 uliiweka Florida kwanza, Illinois ya pili na North Dakota ya tatu. Kansas haikuingia hata tano bora.

Bonde la mto Red, kati ya North Dakota na Minnesota, ni sakafu ya ziwa kubwa la enzi za barafu, ndiyo maana limelala hivyo. Mto wenyewe unakwenda kaskazini. Masika ya huko yakianza, barafu huyeyuka kusini kwanza, maji yanashuka, yanakuta kaskazini bado pameganda, na hayana pa kwenda ila mashambani na mijini. Mwaka 1997 mji wa Grand Forks ulizama kwa namna hiyo.

Mwaka 1936, North Dakota ilipata baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri mwezi Februari na joto la nyuzi 49 mwezi Julai. Mwaka mmoja, jimbo moja. Rekodi zote mbili hazijavunjwa.

Je, wajua nyasi ndefu za asili zilikuwa zikimzidi mtu kimo, na mizizi yake kushuka mpaka mita tatu? Mizizi hiyo ilisokotana kiasi cha kushinda majembe ya chuma cha kale, mpaka John Deere alipotengeneza plau ya feleji iliyong'arishwa, huko Illinois, mwaka 1837. Baada ya hapo nyasi hazikuwa na bahati. Zimebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ni kwenye vilima vya Flint, Kansas, vilivyonusurika kwa sababu moja tu: mawe ni mengi, plau haipiti.

Miji ya reli nayo ilizaliwa mezani. Kampuni ya Burlington, ikielekea magharibi Nebraska, ilipanga stesheni kwa alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Fungua ramani uifuate kwa kidole.

Na reli ikikukosa? Uliza Nicodemus. Mwaka 1877 watu weusi mia tatu hivi, wengi wao waliozaliwa utumwani Kentucky, walifika katika kaunti ya Graham, Kansas, kuanzisha mji wao. Mama mmoja aliyefika masika ya 1878, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus ileee, alitazama asione nyumba. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi katika mashimo waliyochimba, kwa kuwa miti ya kujengea haikuwapo. Alilia. Lakini walikaa. Wakajenga makanisa, hoteli, shule, na mwaka 1882 mkazi wao Edward McCabe akachaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Mwaka 1888 reli ikapita kusini, kilomita chache tu kutoka hapo, na maduka yakaifuata. Ukumbi wa taunishipu, wa mawe ya chokaa, uliomalizika 1939, bado umesimama, na tangu 1996 mji huo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14, ingawa mwisho wa kila Julai wazao hurudi kwa mamia kusherehekea.

Ukipata safari ya ndege kutoka Chicago kwenda Denver mchana usio na mawingu, omba kiti cha dirishani. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kipande kimoja hupita chini yako kwa sekunde saba, na taunishipu nzima kwa sekunde 43.