Neno "Risasi" na Tatizo la Kipenyo: Ufafanuzi wa Upunguzaji wa Vichwa vya Risasi kwa Bunduki za Kijerumani za Milimita 8

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna kichwa cha risasi kinavyopunguzwa kipenyo ili kilingane na mtutu wa bunduki ambayo risasi zake zimekuwa adimu. Mfano uliochaguliwa ni bunduki za Kijerumani za muundo wa mwaka 1888 na zile za uwindaji zilizofuata kipimo chake. Suala lenyewe ni la kiufundi, lakini anayelieleza kwa Kiswahili hukutana kwanza na tatizo la istilahi. Sentensi kama "risasi husukumwa ndani ya mtutu" inaweza kueleweka kwa namna tatu, na mojawapo inaweza kumjeruhi anayeitekeleza. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba usalama wa maelezo ya aina hii unategemea kutenganisha maana za neno "risasi" kabla ya kutaja kipimo chochote.

2.0 Maana Tatu za Neno "Risasi"

Neno "risasi" limetokana na Kiarabu, ambako pia hutaja madini na kitu kinachofyatuliwa. Katika Kiswahili maana ya kwanza ni madini laini na mazito ya rangi ya kijivu. Ndiyo inayopatikana katika jina "kalamu ya risasi". Maana ya pili ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kumfikia mlengwa. Maana ya tatu ni kifaa kizima, yaani ganda, fataki, baruti na kipande hicho kwa pamoja. Mtu anaponunua risasi kumi dukani, hununua vifaa vizima kumi.

Utata huu una historia yake. Katika gobori, baruti na gololi vilitiwa mtutuni kila kimoja peke yake, na gololi hiyo ilikuwa ya madini ya risasi. Hivyo neno moja lilitosha kutaja madini na umbo lake. Baada ya sehemu zote kuunganishwa ndani ya ganda moja, jina la sehemu lilipanuliwa likataja kitu kizima. Kwa ajili hiyo, makala haya yanatumia istilahi tatu: madini ya risasi, kichwa cha risasi, na risasi kamili.

3.0 Jina la Kipimo na Kipimo Chenyewe

Ndani ya mtutu mna mifuo inayozunguka na matuta yanayoitenganisha. Kipenyo kati ya matuta ni kidogo kuliko kipenyo kati ya mifuo, na kichwa cha risasi hutakiwa kuijaza mifuo. Majina ya kibiashara hayafuati kanuni moja: risasi ya Kiingereza ya .303, iliyotumiwa pia na askari wa King's African Rifles, imeitwa kwa kipenyo cha matuta, yaani takribani milimita 7.7, ilhali kichwa chake kina takribani milimita 7.9.

Kwa upande wa Ujerumani, risasi kamili ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa cha takribani milimita 8.08. Ile iliyoenea jeshini kuanzia mwaka 1905 ilikuwa na kichwa chenye ncha kali cha takribani milimita 8.20. Maganda yote mawili yana urefu wa milimita 57, na risasi zote mbili huitwa za milimita 8. Wawindaji huzitofautisha kwa alama: 8x57 I kwa kipimo cha zamani na 8x57 IS kwa kipimo kipya. Tofauti ya milimita 0.12 haionekani kwa macho, na risasi kamili ya kipimo kipya huweza kuingia katika bunduki ya zamani. Ikifyatuliwa humo, kichwa hulazimishwa kupita katika njia nyembamba, shinikizo hupanda, na ganda au sehemu za bunduki zinaweza kupasuka usoni mwa mfyatuaji.

4.0 Namna Upunguzaji Unavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kuupima mtutu, kwa kuwa baadhi ya bunduki hizo zilirekebishwa baadaye. Kipande cha madini laini ya risasi husukumwa polepole kwa ufito ndani ya mtutu usio na kitu, kisha alama zilizoachwa na mifuo hupimwa kwa maikromita. Hapa ndipo neno "risasi" likiachwa peke yake linapokuwa hatari, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba kinachosukumwa ni risasi kamili.

Hatua ya pili ni upunguzaji wenyewe. Kichwa cha risasi kisicho na ganda wala baruti hupakwa kilainishi, kisha husukumwa kwa mashine ya wenzo kupitia kalibu ya chuma kigumu yenye tundu lililosuguliwa. Uzito haubadiliki. Kwa kuwa eneo la mkato hupungua kwa takribani asilimia 3 kutoka milimita 8.20 hadi 8.08, sehemu iliyobanwa hurefuka kwa kiasi kama hicho.

5.0 Mipaka ya Njia Hii

Chuma kikibanwa hujirudi kidogo baada ya kuachiliwa. Gamba la shaba hujirudi zaidi kuliko kiini cha madini ya risasi. Hivyo, upunguzaji mkubwa huweza kulegeza kiini ndani ya gamba na kuharibu shabaha. Aidha, njia hii haisaidii pale ambapo kichwa kilichopo ni chembamba kuliko mtutu. Bunduki ya Kiitaliano ya Carcano ya mwaka 1891 huitwa ya milimita 6.5, lakini huhitaji kichwa cha takribani milimita 6.8, ilhali vichwa vingi vya kundi hilo vina milimita 6.7. Kubana zaidi kungeongeza tatizo.

Ikumbukwe pia kwamba kichwa chenye kipenyo sahihi hakiifanyi risasi kamili kuwa salama. Kiasi cha baruti nacho hutegemea bunduki husika. Nchini Ujerumani, anayejaza risasi kwa matumizi yake binafsi huhitaji kibali chini ya sheria ya vilipuzi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba jina la milimita 8 linafunika vipimo viwili, na kwamba neno "risasi" linafunika vitu vitatu. Utata wa kwanza huondolewa kwa maikromita. Utata wa pili hauna kifaa cha kuuondoa isipokuwa istilahi, na mzigo huo ni wa mwandishi. Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba maandishi ya kiufundi ya Kiswahili yasitumie neno "risasi" peke yake katika sentensi inayoagiza kitendo.