Ndege mwekundu dirishani: namna ya kumvuta kardinali uani kwako

Kwa familia iliyotoka Bukavu, Mombasa au Dar es Salaam ikahamia Kentucky au Ohio, majira ya baridi ya kwanza si mchezo. Mwezi Desemba, saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaanza kuingia. Watoto wako ndani, kila mmoja na simu yake. Mzazi anayetaka kuwatoa kwenye skrini bila kuwatoa kwenye theluji anaweza kuanza na ndege.

Kardinali hahami. Wenzake wengi wanapokimbilia kusini, yeye hubaki. Dume ni mwekundu kuanzia kishungi hadi mkia, ila usoni ana weusi kuzunguka mdomo. Jina lake linatokana na mavazi mekundu ya makardinali wa Kanisa Katoliki, ambayo Watanzania wanayajua tangu Laurean Rugambwa alipopewa cheo hicho mwaka 1960. Kentucky ilimfanya ndege wa jimbo mwaka 1926, na leo majimbo saba yanaye. Watoto wa Louisville wanamjua tayari, maana timu za chuo kikuu cha mji huo zinaitwa kwa jina lake.

Wafundishe wasimsahau jike. Yeye ni wa rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo mabawani na mkiani, na huimba pia, jambo lisilo la kawaida kwa majike wengi wa ndege wa huko.

Sasa chombo cha chakula. Vile virefu kama bomba, vyenye vijiti vifupi vya kutulia, havimfai. Kardinali ana mwili mkubwa kuliko shomoro na hupenda kula akiwa ameelekea chakula, bila kujipinda. Trei ya mbao iliyotobolewa chini ili maji yapite inatosha kabisa, na mnaweza kuipigilia wenyewe Jumamosi moja. Kibanda chenye paa na ukingo mpana nacho ni kizuri.

Weka mbegu nyeusi za alizeti, kwani mdomo wake mnene ni wa kupasulia maganda. Kindi wakizidi, tafuta mfuko ulioandikwa Safflower: ni mbegu nyeupe ambazo kardinali huzila na kindi wengi huzipita. Mkate na ugali wa jana usiweke, utaalika panya.

Tundika trei karibu na kichaka, kama mita 3 hivi, awe na pa kujificha. Yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kufika alfajiri na wa mwisho kuondoka magharibi, kwa hiyo mtoto anaweza kumwona akisubiri basi la shule. Wiki kadhaa zinaweza kupita kabla hajaja. Usihamishe chombo kila siku. Kila baada ya wiki mbili kioshe kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa 9 za maji, kisuuze na kukausha, maana ndege huambukizana magonjwa hapo. Kama mnapanga, soma kwanza mkataba wa nyumba.

Baba aliyekulia na ulimbo na manati ana jambo moja la kuwaambia wanawe mapema. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inakataza kumkamata, kumfuga au kumuua ndege huyu bila kibali. Hata manyoya yake hayaokotwi yakawekwa nyumbani. Zamani aliuzwa kwenye vizimba kwa ajili ya rangi na sauti yake.

Majira ya kuchipua yakifika, tazameni dume akimlisha jike mbegu, mdomo kwa mdomo. Na akianza kugonga kioo cha dirisha asubuhi nzima, msiogope, wala si ishara ya msiba. Anapigana na kivuli chake akidhani ni dume mwingine. Pakeni sabuni upande wa nje wa kioo mpaka asijione.