Chombo Kikijaa: Ubishi wa Watungaji wa Programu juu ya Namba Kamili

Liuli, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, ni mahali ambapo samaki huvuliwa, huanikwa na kuuzwa. Chukua mfano kwamba chama cha ushirika cha mahali kama hapo kimeamua kuweka hesabu zake katika kompyuta, na kwamba watungaji wawili wa programu wamepewa kazi hiyo. Mmoja ameandika programu. Mwenzake ameketi kuikagua mstari kwa mstari, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Mkaguzi anakuta kwamba jumla ya malipo hutunzwa kwa senti, katika namba kamili ya biti 32, wala hakuna mahali ambapo programu inauliza kama jumla hiyo imezidi nafasi iliyopewa. Anataka sehemu hiyo iandikwe upya. Mwandishi anakataa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini ubishi wenyewe ni wa kweli. Umekuwapo tangu kompyuta zilipoanza kutumika, na mara nyingine gharama yake imekuwa kubwa sana.

Namba ndani ya chombo

Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Chombo chenye biti 3 kinaweza kuwa na hali 8 tofauti, kuanzia 000 hadi 111, yaani kuanzia 0 hadi 7. Je, tukiongeza 1 juu ya 7? Jibu sahihi ni 1000, ambalo lahitaji nafasi nne. Nafasi ya nne haipo. Tarakimu ya kushoto hupotea, na kinachobaki ni 000. Kwa chombo hiki, 7 na 1 ni 0. Ndivyo kilivyofanya kihesabu kilometa cha magari ya zamani chenye nafasi tano: baada ya 99999 kilirudi 00000, ingawa gari halikuwa jipya.

Chombo cha biti 32 kina hali 4,294,967,296. Kwa kuwa hesabu huhitaji pia namba hasi, kwa kawaida nusu ya hali hizo hupewa namba hasi. Hivyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kutunzwa humo ni 2,147,483,647. Katika mashine nyingi, ukiongeza 1 juu yake, jibu hurukia upande wa pili na kuwa -2,147,483,648. Tukio hili huitwa kufurika kwa namba kamili.

Shilingi zinapopotea bila mwizi

Bilioni mbili na ushei huonekana kuwa namba kubwa. Lakini senti 2,147,483,647 ni shilingi 21,474,836 na senti 47 tu. Chama chetu cha mfano kikiuza tani 5 za dagaa wakavu kwa shilingi 5,000 kila kilo, mapato yake ni shilingi 25,000,000, yaani senti 2,500,000,000. Chombo kimefurika, na programu itaonyesha kwamba chama kina -17,949,672.96. Mweka hazina atashtuka, na kosa litatafutwa.

Sasa mauzo yawe tani 10. Mapato halisi ni shilingi 50,000,000. Programu, baada ya kuzunguka duara lake zima, itaonyesha shilingi 7,050,327 na senti 4. Namba hii si hasi, wala haina dalili yoyote ya ugonjwa. Wavuvi watagawiwa sehemu ya saba ya haki yao, na lawama itamwangukia mtunza fedha ambaye hakuchukua hata senti moja. Kufurika kwa hatari zaidi ni kule kunakoleta jibu linaloaminika.

Hoja za pande mbili

Mwandishi wa programu ana hoja zake, na si za kupuuzwa. Kwanza, kila ukaguzi ni kazi ya ziada kwa mashine. Ukiwekwa ndani ya hesabu inayorudiwa mara milioni nyingi, huweza kuichelewesha. Pili, programu iliyojaa maswali kila mstari huwa ngumu kusomeka, na palipo na ugumu wa kusoma makosa mengine hujificha. Tatu, kiasi fulani hakiwezi kufikiwa kamwe: siku za mwezi hazitazidi 31, na mtu anayekagua kama zimefika bilioni mbili anapoteza wakati.

Mkaguzi naye hujibu kwamba neno “kamwe” ni dhana juu ya ulimwengu, na ulimwengu hubadilika bila kuiarifu programu. Thamani ya fedha hushuka, chama hukua, programu ya kijiji kimoja huchukuliwa na wilaya nzima. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo huchimba mashimo ya ngoro katika miteremko ya mashamba yao ili kila shimo lipokee maji yake pale pale. Hawangoji yafike bondeni yakiwa yamebeba udongo. Kadhalika, kosa likamatwe mahali linapozaliwa.

Ushahidi wa Ariane

Ubishi huu ulipata mfano wake maarufu tarehe 4 Juni 1996. Siku hiyo roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa. Sekunde 37 hivi baada ya safari kuanza, kompyuta zake za kuelekeza njia zilizimika. Roketi ilipinda, ikavunjika, ikateketea pamoja na satelaiti nne za utafiti.

Uchunguzi ulionyesha kwamba namba ya biti 64 iliyohusu mwendo wa kwenda upande ilikuwa imehamishiwa katika chombo cha biti 16, ambacho mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Watungaji hawakuwa wazembe: walikuwa wamechunguza namba saba zenye hatari hiyo, wakaziwekea kinga nne na kuziacha tatu. Sababu mojawapo ni kwamba kompyuta hiyo ilipangiwa isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Namba hizo tatu zilidhaniwa kuwa na mipaka ya kimaumbile au nafasi ya kutosha. Dhana hiyo ilikuwa salama kwa Ariane 4, ambako programu ilitoka. Ariane 5 ilipita njia nyingine, na mwendo wake wa kwenda upande ulikuwa mkubwa zaidi.

Lakini ushahidi huu haumpi mkaguzi ushindi kamili. Kufurika hakukupita kimya: mashine ilikutambua, na kwa amri iliyopewa, ikajizima. Kompyuta ya akiba, iliyokuwa na programu ile ile, ilikuwa imezimika kwa sababu ile ile muda mfupi kabla. Zaidi ya hayo, hesabu iliyoleta balaa haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka chini. Basi haitoshi kuuliza “Je, tukague?” Swali la pili ni zito vile vile: “Tukigundua, tufanye nini?” Kwa hesabu za ushirika, kusimama na kumwita mhasibu ni jambo jema. Kwa roketi iliyoko angani, kusimama ni kuanguka.

Pima kabla ya kumimina

Hata anayekubali kukagua aweza kukagua vibaya. Wengi hujumlisha kwanza, kisha huuliza kama jumla imekuwa ndogo kuliko namba waliyoanza nayo. Katika lugha ya C, kufurika kwa namba zenye alama ya hasi na chanya hakukupewa maana yoyote na kanuni za lugha. Kwa hiyo chombo kinachotafsiri programu kina ruhusa ya kudhani kwamba jambo hilo halitokei, na huweza kulifuta kabisa swali la mtungaji kwa kuliona halina kazi.

Njia sahihi ni kupima nafasi iliyobaki kabla ya kumimina. Badala ya kuuliza kama a + b imezidi ukomo, huulizwa kama b ni kubwa kuliko ukomo ukitoa a, iwapo namba zote mbili ni chanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Namba zilizotuzunguka

Njia nyingine ni kuongeza ukubwa wa chombo. Biti 64 hufika 9,223,372,036,854,775,807. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25, shilingi trilioni 49.35, ikiandikwa kwa senti, ingeenea humo zaidi ya mara 1,800. Kwa fedha, basi, biti 64 zafaa.

Hata hivyo, si kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni namba ya kuhesabia. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania, ikianza na 255, ina tarakimu 12 na haienei katika biti 32. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, nayo huanza na mwaka wa kuzaliwa. Ikianza na 19 au 20, inazidi hata biti 64 zisizo na nafasi ya namba hasi, ambazo mwisho wake ni 18,446,744,073,709,551,615. Dawa yake ni kuitunza kama mfuatano wa herufi, kwa kuwa hakuna ajumlishaye vitambulisho vya watu wawili.

Upo pia ukomo wenye tarehe. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zile zinazotumia biti 32 kwa hesabu hiyo zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Liuli itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haikurekebishwa itajiona iko mwezi Desemba mwaka 1901.

Kwa hiyo wabishi wetu wawili wangefanya vema kuacha kuuliza nani mwoga na nani mzembe, na kuandika juu ya kila namba mambo matatu: kiasi kikubwa kabisa inachoweza kufika, sababu ya kuamini hivyo, na hatua ya kuchukua kiasi hicho kikizidi. Atakayeirithi programu ataona ni dhana ipi imepitwa na wakati.

Zoezi kwa wanafunzi: Katika chombo cha biti 8 chenye namba hasi na chanya, ukomo ni 127. Tafuta wastani wa 100 na 120 kwa kujumlisha kwanza na kugawa kwa 2, kisha kwa kuongeza nusu ya tofauti yao juu ya 100. Eleza kwa nini majibu hayafanani, ingawa katika daftari la aljebra njia hizo mbili ni sawa. Kosa la namna hii liligunduliwa katika maktaba ya lugha ya Java, na Joshua Bloch akalieleza hadharani mwaka 2006, baada ya kukaa humo takriban miaka tisa.